Mtoto Jaribio

Ijumaa, mvua ya saa tisa ilipoishukia Kakamega
kwa ile hasira yake ya kila siku,
radi ilipiga upande wa Shinyalu, stima ikapotea,
na seva yetu, katika chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua,
ikazimika bila kuaga.

Jenereta ikakohoa. Taa za kijani zikarudi moja moja.
Nikasema: imeamka.
Nikafunga mlango, nikaenda zangu kula.

Kuamka si kukumbuka.

Jumanne Sista Mmbone akaniita kwenye dirisha la chanjo.
"Lumadede, hebu tazama benchi."
Benchi la akina mama ishirini
lilikuwa na wanne, na mwavuli uliosahauliwa.
Hakuna aliyepata ujumbe.

Nikaiuliza mashine: nani yuko kazini?
Ikanitajia wote, anayesoma, anayeandika, anayesubiri zamu.
Mratibu hayumo.
Yule wa kuhesabu saa gizani
na kila alfajiri kugonga simu za watu,
hayumo, wala hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Nikakumbuka. Mwaka jana nilimwamuru kwa mdomo tu:
waka. Akawaka. Nikajisifu.
Sikuandika popote.
Na amri ya mdomo, seva ikizimika, huzikwa nayo;
hufufuka kile tu kilicho ndani ya faili.

Basi nikaandika. Mstari mmoja.
Nikausoma mara tatu, kama mtu anayehesabu nauli yake ya mwisho.

Lakini nani angeniamini? Hata mimi sikujiamini.
Nikajenga jedwali dogo, nikaliita jaribio,
nikamwagiza mratibu: kila dakika tia mstari, na saa yako.
Usiku, wodi zilipotulia,
nikafanya kile ambacho radi ilikifanya bila ruhusa:
nikaizima kwa mkono wangu.
Nikaiwasha.

Umewahi kuingoja dakika moja?
Wekhomo wa lindo alipita na tochi, akauliza kama nimefiwa.
Jedwali tupu.
Jedwali tupu.
Nikachungulia tena: mstari mmoja, mwembamba, umekaa.
Wa pili ukaja, ukakaa chini yake.
Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka wagonjwa.

Ndipo nikaiona saa.
Mashine imeandika kumi na nane na dakika nne.
Simu yangu yasema ishirini na moja na nne.
Mama yangu kule Chavakali angesema saa tatu na dakika nne,
na wote watatu wangekula kiapo.
Kumbe mashine huhesabu saa za Grinwichi,
na ule ujumbe niliouagiza uondoke saa kumi na mbili alfajiri
ulikuwa tangu mwanzo, kabla ya radi yoyote,
ukiondoka saa tatu,
mama keshaingia kwenye majani chai,
simu iko kwa jirani, inachajiwa.

Nami nimemsikia Sista kila Jumanne akiwagombeza:
"Mbona mnachelewa? Ujumbe hamsomi?"
na wao wakiinamia vichwa vya watoto wao,
wakiwafuta jasho lisilokuwepo.

Nikarekebisha. Nikaanza upya: zima, washa, ngoja.
Mwishowe nikajiandikisha mwenyewe,
mama wa mtoto Jaribio, wiki sita, namba ya simu yangu,
chanjo kesho,
nikalala juu ya katoni.

Simu ikanitetemea kifuani, nje bado kijivu,
saa kumi na mbili kamili:
"Mama Jaribio, leo ni siku ya chanjo. Njoo na kadi."

Nikaketi. Uani fagio la kwanza lilikuwa limeanza kazi.
Sista huingia saa moja.
Nilikuwa na saa nzima
ya kutafuta namna ya kumwambia.